Wizi wa utambulisho: aliye hatarini zaidi ni yule ambaye jina lake haliangaliwi na mtu

#1 · NuruYaJioni (mleta mada)

Wakuu, habari za wakati huu.

Kila mtu akileta humu kisa cha kuibiwa jina, majibu ya mwanzo huwa yale yale: ulizembea, ulibofya kiungo usichokijua, wazee na simu wapi na wapi. Nimekaa miaka kadhaa kwenye dawati la malalamiko la taasisi moja ya fedha, na majibu hayo yananiumiza, maana wengi niliowahudumia hawakubofya chochote. Wengine hata simu ya kubofyea hawakuwa nayo.

Tuanze kwa kutenganisha mambo. Ukidanganywa ukatuma pesa kwa mkono wako mwenyewe, huo ni utapeli, na maumivu yake unayapata siku hiyo hiyo. Wizi wa utambulisho ni pale mtu anapobeba jina lako, tarehe yako ya kuzaliwa na namba ya kitambulisho chako, akaenda kuwa wewe mbele ya benki, hospitali, mwajiri au polisi. Anakopa, anasajili laini, anatibiwa, hata anakamatwa kwa jina lako. Wewe upo nyumbani umelala. Utakuja kujua siku unaomba mkopo na kuambiwa kwamba tayari unadaiwa.

Kwa hiyo ninapotaka kujua nani yupo hatarini zaidi, huwa naangalia mambo mawili: itamchukua muda gani kugundua, na akishagundua, nani atamwamini. Ujanja wa mtu unasaidia, ila hayo mawili yanauzidi uzito.

Kwa kipimo hicho, wa kwanza ni mtoto. Anapewa namba ya utambulisho akiwa mchanga, kisha miaka 18 inapita bila mtu yeyote kuiuliza namba hiyo chochote. Haina deni, haina historia, na mwenyewe hawezi kulalamika. Marekani kuna mbinu ya kuunganisha: namba halisi ya hifadhi ya jamii (huko ndiyo inayotumika kumtambulisha mtu), mara nyingi ya mtoto, inapachikwa jina la kubuni na tarehe ya kuzaliwa ya kubuni. Ombi la kwanza la mkopo linakataliwa, lakini kule kukataliwa kwenyewe kunaweza kufungua faili jipya kwenye kumbukumbu za mikopo. Mhalifu analilea faili hilo. Anachukua kidogo analipa, anachukua tena analipa, miezi hata miaka, mpaka mtu asiyekuwepo anaonekana mteja mwaminifu. Ndipo anapokomba kila kinachokopesheka na kutoweka.

Mwaka 2011 chuo cha Carnegie Mellon kilitoa ripoti iliyopitia taarifa za watoto zaidi ya 40,000 wa Marekani, na kama asilimia 10 yao namba zao zilikuwa zinatumiwa na mtu mwingine. Hao walikuwa watoto walioandikishwa kwenye huduma ya ulinzi wa utambulisho, kwa hiyo tusiichukue kama picha ya watoto wote. Hata hivyo, kwa watu wazima walioandikishwa kwenye huduma hiyo hiyo kiwango kilikuwa chini ya asilimia moja. Pengo hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Na usidhani mzazi mwangalifu anaweza kuzuia kila kitu. Novemba 2007 serikali ya Uingereza ilikiri kwamba idara yake ya mapato imepoteza diski mbili zilizotumwa kwa njia ya kawaida ya barua za ofisini. Ndani yake kulikuwa na taarifa za watu milioni 25, yaani karibu kila familia yenye mtoto nchini humo: majina ya watoto, tarehe za kuzaliwa, anwani, namba za akaunti za wazazi. Sasa hapo mzazi alizembea wapi?

Nawasilisha. Karibuni tujadili.

#2 · Kisiki_Kikavu

Mleta mada, heshima kwako, ila naomba nipingane kidogo. Mimi nina baba wa miaka 74, ameshatapeliwa mara mbili, na zote mbili alimsomea mtu wa kwenye simu namba ya uthibitisho iliyokuja kwa ujumbe. Mara ya pili nilikuwa nimeshamwonya. Ukituambia ujanja hauzidi mambo mengine, unawapa watu ruhusa ya kutokujifunza. Wazee ndio wanaoliwa, tusizunguke.

#3 · NuruYaJioni

Mkuu Kisiki, pole sana kwa mzee. Sitaki watu waache kujifunza, na namba ya uthibitisho haisomewi mtu yeyote, hata akijitambulisha kuwa ni meneja wa benki.

Ila angalia takwimu za FTC, tume ya Marekani inayolinda walaji. Mwaka baada ya mwaka, walio kwenye miaka ya ishirini wanaripoti kupoteza pesa kwa utapeli mara nyingi zaidi kuliko walio juu ya miaka 70. Mzee akipigwa, anapigwa kiasi kikubwa zaidi, maana ndiye mwenye akiba ya maisha. Kijana anaibiwa mara kwa mara kidogo kidogo, mzee anaibiwa mara chache ila nyumba nzima. Tukisema "wazee ndio wanaoliwa", kijana anajiona yuko salama.

Na kwa mzee, hatari niliyoiona dawatini kuliko simu za matapeli ni mtu wa karibu: anayemshikia kadi, anayemsomea barua, anayejua namba ya siri kwa sababu mzee mwenyewe aliomba msaada. Huyo hahitaji kudukua kitu.

#4 · Mama_Wawili

Nimesoma hiyo ya mtu wa karibu nikashindwa kupita.

Mimi ni dada mkubwa, tumezaliwa watatu. Nilipokuwa nasoma mbali na nyumbani niliacha vyeti vyangu vyote kwenye sanduku la mama. Miaka mitano baadaye nimeomba mkopo, nikaambiwa nina mikopo mitatu ambayo haijalipwa. Nilicheka, nikadhani wamechanganya majina. Yule dada wa ofisini akanigeuzia kioo cha kompyuta nikaona mwenyewe: jina langu, namba yangu, tarehe yangu ya kuzaliwa, anwani ya nyumbani kwetu, na namba ya simu ya mdogo wangu wa kiume.

Nilikaa kwenye gari saa nzima bila kuwasha injini.

Mama aliponisikia akasema, "Mwanangu, yule ni damu yako, mambo ya ndani yaishie ndani." Taasisi nayo ikaniambia haiwezi kufuta deni bila ripoti ya polisi yenye jina la mtuhumiwa. Kwa hiyo nilikuwa na milango miwili tu: nimpeleke mdogo wangu polisi, au nilipe. Nimelipa mkopo mmoja. Miwili bado ipo, na riba inapanda.

Mleta mada, kwenye orodha yako ya walio hatarini weka na sisi ambao tunamjua aliyetuibia.

#5 · NuruYaJioni

Dada, asante kwa kuandika. Najua haikuwa rahisi.

Nilichokuwa nakiona kazini ni hiki: aliyeibiwa na mgeni anapiga kelele siku ile ile, aliyeibiwa na ndugu ananyamaza, na kimya hicho mara nyingi ndicho mhalifu anachokitegemea. Watoto wengi wanaoibiwa namba wanaibiwa na mzazi au jamaa. Wakati mwingine hata si kwa nia ya kumdhuru: umeme umekatwa, jina la mzazi limeshachafuka, wanafungua akaunti kwa jina la mtoto "kwa muda". Mtoto anakua, anakuta jina lake lilishatumika kabla yeye mwenyewe hajalitumia.

Marekani wameliona hili kwa watoto wanaolelewa na serikali au familia za muda, ambao karatasi zao zinapita mikono mingi sana. Sheria ya huko ya 2011 ilizitaka mamlaka za malezi zimpatie kila mtoto wa miaka 16 na zaidi anayeishi kwenye malezi hayo taarifa yake ya mikopo kila mwaka, na kumsaidia kusahihisha kasoro. Mwaka 2014 umri ukashushwa hadi 14. Hiyo ni sheria ninayoipenda kwa dhati, kwa sababu inamtafutia mtoto mtu wa kuliangalia jina lake.

Kuhusu deni lako: usilipe mkopo wa pili kabla hujaandika pingamizi. Ukiendelea kulipa, wao wanaweza kulichukua kama ushahidi kwamba umelikubali deni. Andika barua, eleza kwamba hukusaini, omba nakala ya fomu ya maombi, sahihi na picha iliyopigwa siku ya kukopa. Wao ndio wanapaswa kuonyesha kwamba aliyekopa ni wewe. Polisi unaweza kueleza kilichotokea na kuwaachia uchunguzi. Uliza kwa maandishi ni kanuni gani inayokudai jina la mtuhumiwa. Mara nyingi kanuni hiyo haipo, ni mazoea ya ofisi.

#6 · Mtembezi_wa_Usiku

Mimi ni mhudumu wa jamii, nafanya kazi na watu wasio na makazi. Naomba niongezee kundi ambalo halijatajwa.

Mwaka 2019, mjini Los Angeles, mwanamume mmoja asiye na makazi aliingia benki kusema kwamba kuna mtu anatumia jina lake na ana madeni ambayo si yake. Alikuwa na vitambulisho halisi mkononi. Ofisa akamuuliza maswali ya usalama ya akaunti, akashindwa kuyajibu, maana akaunti hakuifungua yeye. Benki ikapiga simu kwenye namba iliyoandikwa kwenye akaunti. Aliyepokea alikuwa Matthew Keirans, ambaye alikuwa anaishi kwa jina la yule maskini tangu karibu mwaka 1990. Walikuwa wamewahi kufanya kazi pamoja. Keirans akajibu maswali yote sawasawa. Polisi wakaitwa, akakamatwa mwenye jina.

Mahakamani akang'ang'ania kusema jina lake halisi. Kule kung'ang'ania kukachukuliwa kuwa dalili ya ugonjwa wa akili. Alikaa rumande siku 428, na siku 147 kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili, akipewa dawa. Walipomtoa walimwamuru atumie jina la Keirans. Wakati huo Keirans alikuwa na kazi nzuri ya kusimamia mifumo ya kompyuta katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Iowa, ana mke na mtoto, na mtoto huyo ana jina la ukoo la kuibiwa.

Kilichomwokoa ni kwamba hakuchoka. Mwaka 2023 aligundua Keirans anafanya kazi wapi, akaripoti, na mpelelezi mmoja wa polisi wa chuo hicho akafanya jambo ambalo hakuna aliyelifanya kabla yake: akamtafuta baba mzazi na kupima vinasaba. Keirans alikiri kosa mahakamani Aprili 2024, na Januari 2025 akahukumiwa kifungo cha miaka 12.

Nimesimulia kwa kirefu kwa sababu wateja wangu wanaishi hivi hivi. Begi linaibiwa usiku, ndani kuna cheti cha kuzaliwa. Anwani hana, barua za onyo hazimfikii. Akienda kulalamika, nguo zake zinasikilizwa kabla yake.

#7 · Kisiki_Kikavu

Mkuu Mtembezi, hiki kisa kimeninyamazisha. Tena yale maswali ya usalama. Mwizi aliyajibu, mwenye jina akashindwa! Basi maswali hayo yanapima nini?

#8 · NuruYaJioni

Yanapima nani anajua, Kisiki. Jina la mama kabla ya kuolewa, shule ya kwanza, mtaa uliokulia: ndugu anavijua, mwenzi mliyeachana anavijua, na vingine vimeandikwa kwenye tangazo la msiba wa bibi yako. (Marehemu nao ni kundi la hatari, kwa sababu hiyo hiyo. Jina linabaki hai kwenye mifumo muda mrefu baada ya maziko, na hakuna wa kulalamika. Taarifu benki na kampuni ya simu mapema.)

Hata taarifa zinazoonekana hazina madhara zikikutana zinakufichua. Mtafiti Latanya Sweeney alionyesha mwaka 2000 kwamba tarehe ya kuzaliwa, jinsia na msimbo wa posta vinatosha kumtenga mtu mmoja kwa takriban asilimia 87 ya wakazi wa Marekani. Mwaka 2009 Alessandro Acquisti na Ralph Gross nao wakaonyesha kwamba namba za hifadhi ya jamii zenyewe ziliweza kukisiwa kwa kujua tarehe na jimbo la kuzaliwa. Tangu 2011 namba hizo zinatolewa bila mpangilio, na hilo limezuia kukisia. Ila wakaguzi nao walikuwa wakitumia mpangilio ule ule kutambua kwamba namba ni ya mtoto wa juzi, haiwezi kuwa ya mzee wa miaka 40. Dalili hiyo nayo imeondoka.

#9 · Fundi_Ayubu

Wadau, swali. Siku hizi kila mahali ni alama za vidole na sura. Je, hiyo si ndiyo suluhisho? Kidole changu nani atakiiba?

#10 · NuruYaJioni

Fundi, kidole hakiibiwi, ila taarifa za kidole zimeshaibiwa. Mwaka 2015 ofisi inayosimamia watumishi wa serikali ya Marekani ilikiri kudukuliwa kumbukumbu za watu milioni 21.5, na kati ya hizo kulikuwa na alama za vidole za watu wapatao milioni 5.6. Neno la siri likivuja unabadilisha jioni hiyo hiyo. Kidole utabadilisha na nini?

Korea Kusini walipata somo kama hilo kwa namba ya uraia. Kila mtu ana namba moja ya maisha, inatumika kila mahali. Mwaka 2014 ilibainika kwamba mfanyakazi wa kampuni ya kumbukumbu za mikopo alikuwa amenakili taarifa za wenye kadi wapatao milioni 20, namba hizo zikiwemo, na kuziuza. Alitumia fleshi tu. Mahakama ya Katiba ya huko ikaja kusema mwaka 2015 kwamba kuwanyima watu njia ya kubadilisha namba iliyovuja ni kinyume cha katiba, na tangu 2017 wanaoweza kuthibitisha madhara wanaruhusiwa kuibadilisha.

Na udukuzi wa 2017 wa Equifax, kampuni ya Marekani inayotunza kumbukumbu za mikopo, wengi mnaukumbuka: taarifa za Wamarekani kama milioni 147. Wadukuzi waliingia Mei kupitia kasoro ya programu ya Apache Struts, na marekebisho ya kasoro hiyo yalishatolewa Machi. Hakuna mwananchi anayejiandikisha Equifax kuhifadhiwa taarifa zake, benki ndizo zinazozipeleka. Angejilindaje?

#11 · Neema_J

Mimi laini yangu ilikata mtandao ghafla mchana, nikadhani ni hitilafu, nikaendelea na kazi. Jioni akaunti ya benki imekauka na barua pepe imebadilishwa neno la siri. Kumbe kuna mtu alienda kwa wakala na kitambulisho chenye jina langu na picha yake, akapewa laini yangu. Niliona aibu kumwambia mtu, maana mimi mwenyewe nafundisha kompyuta.

#12 · NuruYaJioni

Neema, hakuna aibu. Agosti 2019 akaunti ya Jack Dorsey, mkuu wa Twitter wakati huo, ilitekwa kwa kuihamisha namba yake ya simu kwa njia hiyo hiyo, na ilikuwa akaunti kwenye kampuni aliyokuwa akiiongoza mwenyewe. Pale kwa wakala wewe hukuwepo, na aliyedanganywa ni yeye. Laini ikikata ghafla na ya jirani yako inafanya kazi, azima simu upige kampuni ya simu, kisha benki, dakika hiyo hiyo. Na kwa anayeweza, uthibitisho wa hatua mbili wa barua pepe uhamishie kwenye programu ya simu badala ya ujumbe mfupi. Nasisitiza barua pepe, maana mwenye barua pepe yako ataomba maneno mapya ya siri ya kila kitu kingine.

#13 · Mama_Wawili

Naomba kuuliza la watoto wangu. Wana miaka 6 na 9. Naanzia wapi?

#14 · NuruYaJioni

Uliza kwenye taasisi zinazotunza kumbukumbu za mikopo kama kuna faili lolote kwa majina au namba zao. Jibu unalolitaka ni "hakuna faili". Likiwepo, omba lifutwe kwa maandishi na uambatanishe vyeti vya kuzaliwa. Kama unapoishi kuna utaratibu wa kufungia taarifa za mikopo, ili mtu asiweze kukopa kwa jina hilo, wafungie. Marekani tangu Septemba 2018 ni bure kwa kila mtu, na mzazi anaweza kumfungia mtoto aliye chini ya miaka 16.

Shule au kliniki ikiomba nakala ya cheti, uliza ni ya nini na itakaa wapi. Nakala unayoitoa ichore mstari na uandike juu yake imetolewa kwa nani, kwa kazi gani na tarehe gani, ili isiweze kupelekwa kwingine. Kadi za bima ya afya zitunze kama za benki. Mtu akitibiwa kwa jina la mwanao, kundi lake la damu na mzio wake vinaweza kuingia kwenye faili la mtoto, na hapo hatuzungumzii pesa tena.

Na vyeti vyako vilivyo kwenye sanduku la mama, kavichukue, dada.

#15 · Mama_Wawili

Mrejesho, wadau. Sanduku nimelifuata Jumamosi. Mama alinitazama ninavyotoa karatasi moja moja, hakusema neno, mwishoni akaniletea bahasha ya vyeti vya wanangu ambayo hata sikujua kwamba anayo.

Watoto wote wawili wameonekana hawana faili. Kwa upande wangu nimepeleka pingamizi kwa mikopo yote miwili, na nimeomba zile picha za siku ya kukopa. Wamenipa namba ya kumbukumbu. Mdogo wangu nimemwambia kabla sijapeleka, sikutaka aisikie kwa mtu mwingine. Amelia. Amesema atakuja twende wote.